Kitenge Alichoagiza Ng'wana Masunga

Mzee Magese alikwenda Japani kununua kitenge. Wakubwa wa chama cha ushirika waliandika kwenye barua kwamba anakwenda kubadilishana uzoefu kuhusu ubora wa pamba, na kwamba mimi, Violeth, nifuatane naye kama msaidizi na mkalimani. Maneno ya barua hayo. Yeye tangu tunapanda ndege Mwanza alikuwa na jambo moja tu: mkewe amemwagiza kitenge cha Japani, kile kizito kisichochuja rangi, kama alichokuwa nacho mama yake zamani. Madukani Bariadi vilikuwa vimejaa vya kuiga, unafua mara mbili kinabaki kama wavu wa dagaa. Basi yeye angekwenda kukichukua kulekule kinakotengenezwa.

Mwaka ulikuwa 1996. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa, na wanunuzi binafsi walikuwa wakiingia vijijini na malori yao kama nzige. Kabla ya hapo, mkulima alileta pamba yake tayari ameitenga: safi huku, fifi, ile ya daraja la pili, kule. Pale kiwandani kwetu Bariadi, Mzee Magese alikaa mlangoni miaka thelathini, anachota konzi ya pamba, anaivuta kwa vidole gumba, anatamka. Akisema safi, ni safi. Akisema fifi, hata ulie machozi ya damu. Wanunuzi wapya hawakuwa na muda wa mambo hayo. Walizoa yote pamoja, safi na fifi na mchanga wake. Ndipo kampuni moja ya Osaka, iliyozoea marobota yetu, ikaandika kwa upole sana kwamba mashine zao zinaumia, na je, tungependa kuja kuona? Nauli juu yao, siku kumi.

Mkewe jina la ubatizo aliitwa Mariana, lakini mumewe alimwita Ng'wana Masunga, yaani binti Masunga, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita wake zao wakiwa wanawaheshimu. Siku tunaondoka alikuja Bariadi kutoka Migato kutuaga. Alimletea mumewe mfuko wa matobolwa, viazi vitamu alivyovichemsha na kuvianika mwenyewe.

"Chakula chao kikikushinda, tafuna hivi," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huyu hajui kuchagua nguo. Kitenge kiwe na maua makubwa. Rangi ya damu ya mzee, si nyekundu ya kupiga kelele."

Nikamwambia nimesikia. Alikuwa mzima kabisa, anacheka, ana jino moja lenye mwanya.

Sasa kabla sijaendelea, niseme wazi kwamba nina hasira ya siku nyingi na jambo moja. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa dagaa Lamadi. Alifariki mimi nikiwa kidato cha nne, shule ya bweni, imebaki wiki tatu tufanye mtihani. Hakuna aliyeniambia. Mjomba alikuja kunitembelea akaniletea sukari na sabuni, akaniuliza masomo yanaendaje, akaondoka. Mwalimu mkuu alijua. Matroni alijua. Nilimaliza mtihani nikarudi nyumbani nikiimba ndani ya basi, nikakuta kaburi limeshaota majani. Wote wakasema walifanya vile kwa faida yangu. Nililia peke yangu, maana wenzangu walikuwa wameshamaliza kulia. Siku ile niliapa kwamba mimi, katika maisha yangu, sitamficha mtu msiba wake.

Siku ya tatu Osaka, asubuhi, nilishuka mapokezi kuulizia chai. Binti wa mapokezi aliinama akanipa karatasi kwa mikono miwili, kama tunavyopeana vitu kwetu. Ilikuwa faksi kutoka kwa Anatoli, meneja wetu, ameituma kwa posta ya Shinyanga. Wino ulikuwa umefifia lakini maneno yalisomeka.

VIOLETH. MKE WA MAGESE AMEFARIKI GHAFLA JUMATANO. AMEZIKWA ALHAMISI. USIMWAMBIE. ATAAMBIWA NYUMBANI NA WAKUBWA WAKE. MTUNZE.

Jumatano ndiyo siku tuliyokuwa angani. Leo ilikuwa Jumamosi.

Nilisoma mara mbili, nikaikunja karatasi ikawa ndogo, nikaitia ndani ya kiatu. Sijui kwa nini kiatu, na pochi nilikuwa nayo. Kisha nikaenda kuketi kwenye meza ya chai, na mwili wote ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Sikuhisi huzuni. Niseme ukweli, sikuhisi kitu.

Mzee Magese akaja amevaa koti lake jeusi, amechana nywele, akanisalimu, "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia. Akauliza leo ni leo? Maana siku mbili za kwanza tulizungushwa kwenye mikutano, na alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba hawa watu wanamtunza mno. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mimi leo ya tatu. Kama hawanipi jembe, wanipeleke dukani."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema, "Leo ni ngome, baba. Halafu maduka."

Mwenyeji wetu, Bwana Morita, alitupeleka kwenye ngome ya kale ya mji ule. Ni jumba refu jeupe lenye mapaa ya kijani yaliyopandiana, limezungukwa na maji na kuta za mawe makubwa. Mzee Magese aliyatazama yale mawe akauliza yalifikaje pale. Bwana Morita akaeleza kwa Kiingereza kwamba yaliletwa kwa majahazi na kuvutwa kwa kamba na maelfu ya watu. Nikatafsiri. Mzee akatikisa kichwa, akasema wale waliovuta majina yao hayamo humu. Nikatafsiri na hilo. Kazi ya ukalimani ni nzuri, unajaza mdomo wako maneno ya wengine na hakuna anayeuliza ya kwako yako wapi.

Mchana tulipelekwa kula. Walileta samaki mbichi, amekatwa vipande kama vidole, anang'aa. Mimi mtoto wa Lamadi niliyekulia kwenye samaki sijawahi kumla bila moto. Mzee alimtazama samaki, akamtazama Bwana Morita, akaniambia kwa Kisukuma kwamba hata paka wa Migato angengoja aulizwe kwanza. Kisha kwa Kiswahili, na kwa heshima zote, "Mwambie nashukuru. Wabeja. Ila mke wangu kanifungia chakula." Akatoa matobolwa mfukoni, akayaweka juu ya sahani ya udongo iliyochorwa maua, akatafuna taratibu. Alimpa na Bwana Morita kipande kimoja. Yule bwana akakitafuna muda mrefu sana, akainama.

"Mwambie ni mkono wa Ng'wana Masunga huo," Mzee akasema.

Nikatafsiri: ametengeneza mke wake. Nilisema kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Maduka yakaanza siku ile na yakaendelea siku mbili. Tulipanda ngazi zinazotembea zenyewe katika duka la ghorofa tisa, na Mzee kila tukifika juu aliruka kama anavuka mfereji. Aliuliza kitenge ghorofa ya nguo. Wakamletea hariri. Akauliza tena. Wakamletea taulo, wakamletea vitambaa vya kufungia zawadi, wakamletea kimono cha bei ya ng'ombe sita. Mabinti wa duka walikuwa watano wanatukimbilia huku na huku, na wote wanaomba radhi. Nilichora kwenye karatasi: ua kubwa, pindo huku na huku. Wakatazama mchoro wangu kwa huruma.

Mwishowe Bwana Morita akapiga simu mahali fulani, akazungumza, akarudi akikuna kichwa. Akasema vitambaa vile, anavyojua yeye, vilitengenezwa kwa ajili ya kupeleka Afrika tu. Hapa havijawahi kuuzwa. Hakuna Mjapani anayevifahamu. Na kiwanda alichokuwa akikijua yeye kimeshafungwa.

Nilimweleza Mzee. Aliketi kwenye benchi la wanaosubiri lifti, kofia mapajani.

"Kwa hiyo kitenge cha Japani," akasema polepole, "hakipo Japani."

"Hakipo, baba."

"Nimepanda ndege tatu."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wale mabinti wakacheka kwa heshima bila kujua wanachekea nini. "Ng'wana Masunga akisikia hii," alisema akijifuta, "nimekwisha. Atawahadithia kisimani mwaka mzima."

Mimi nilichukua nafasi. Nikamwambia basi anunue redio. Anunue saa, anunue mwavuli, kila mtu anarudi na redio. Nilikuwa nataka aache kumtafutia yule mama kitu. Nilikuwa nimechoka kutembea mtaa baada ya mtaa nikimchagulia zawadi mtu aliyelala udongoni. Lakini Msukuma akiagizwa na mkewe, wewe nani umgeuze? Alisema kama hakuna kitenge, basi angalau pamba. Hatarudi mikono mitupu kutoka nchi iliyokula pamba yake miaka thelathini.

Jumatatu alasiri tukaingia kwenye mtaa wa wauza vitambaa, dukani kwa bibi mmoja mfupi aliyevaa miwani kwenye kamba. Duka halikuwa na kitu ila pamba, majora yamepangwa mpaka darini. Mzee Magese alisimama mlangoni akavuta pumzi. Harufu ile anaijua. Akaenda moja kwa moja kwenye jora moja, akaligusa, akamwomba bibi ruhusa kwa macho. Akachomoa uzi mmoja pembeni, akausokotoa kinyume mpaka ukafumuka, akauvuta kwa vidole gumba kama anavyofanya mlangoni Bariadi, nyuzi zikajipanga. Kisha akazilaza juu ya mkono wa koti lake jeusi, akazipima kwa jicho.

"Safi," akasema. "Violeth, njoo uone. Hii ni ya kwetu. Kama si yetu ni ndugu yake."

Nikaenda. Zilikuwa nyuzi ndefu, sawasawa. Ilikuwa kweli safi.

"Mwambie mama akate mita sita. Ng'wana Masunga atajua la kufanya."

Ndipo nilipoliona lile jora lote. Lilikuwa jeupe. Jeupe tupu, halina ua, halina pindo. Bibi alikuwa tayari ameshika mkasi.

"Siyo nyeupe!" nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba Bwana Morita, aliyekuwa nje akivuta sigara, aligeuka. Bibi akashusha mkasi.

Mzee Magese akanitazama. "Kwa nini isiwe nyeupe?"

"Itachafuka."

"Sabuni ipo."

"Kuna ile ya bluu pale. Tazama ile ya bluu, baba, nzuri."

Hakutazama ya bluu. Alinitazama mimi, namna anavyotazama konzi ya pamba ambayo mwenye nayo anaapa kwamba ni safi. Uso wangu sikuujua umekaaje. Nilijaribu kutabasamu, na hilo likawa kosa langu la pili. Vidole vyake bado vilikuwa vimeshika zile nyuzi juu ya koti. Halafu alizipuliza zikaanguka.

Akamgeukia bibi, akamwonyesha vidole sita.

Kutoka pale kifurushi alikibeba mwenyewe kifuani. Usiku hakushuka kula.

Kesho yake ratiba ilikuwa mji wa Nara, kuona sanamu kubwa ya shaba na paa wasiofugwa na mtu. Wale paa wanazurura bustanini mamia kwa mamia, na ukinunua biskuti zao wanakuja kukuinamia, kweli wanainamisha kichwa kama wenyeji wao. Bwana Morita alitununulia biskuti akaenda kupanga foleni ya tiketi. Sisi tukaketi kwenye benchi. Paa mmoja jike akaja akainama mara tatu mbele ya Mzee Magese. Mzee akampa biskuti yote, pamoja na karatasi yake.

"Violeth," akasema, "una jambo."

Karatasi ilikuwa bado kwenye kiatu, nilikuwa nimeihamisha kutoka kiatu cha juzi kwenda cha jana na cha leo.

"Baba, mimi..."

"Usiniambie."

Aliliweka neno lile katikati yetu kama mtu anayeweka kigoda.

"Ukiniambia hapa, nitakaa wapi?" akasema. "Kaka yangu Jilala hayupo. Watoto hawapo. Nitalia kwenye chumba kile cha ghorofa ya kumi na moja, na yule binti wa chini ataniletea taulo. Mtu huambiwa mahali alipo na pa kuangukia. Nikiambiwa nyumbani, nitakuwa nimeambiwa. Sasa hivi sijaambiwa."

Nikakasirika. Hasira ilipanda ghafla, na niliifurahia kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu Jumamosi. Nikamwambia yote. Nikamwambia habari za baba yangu, mjomba na sukari yake, mtihani, nyimbo nilizoimba kwenye basi, kaburi lenye majani. Nikasema huo ndio utunzaji wenu, watu wazima, mnamfanya mtu acheke siku ambayo angetakiwa kulia, halafu mnamwachia aibu ya kile kicheko maisha yake yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Paa walikuwa wamejaa, wanatuinamia na hatuna biskuti.

"Walikukosea," akasema.

"Walinikosea sana."

"Mtihani ulifaulu?"

"Nilifaulu."

Akatikisa kichwa, si kwa kunishinda. "Wewe hukuulizwa. Mimi nimejiuliza na nimejibu. Mimi acha nisiambiwe. Ila wewe nimekusikia."

Bwana Morita akarudi na tiketi. Tukaenda kuona sanamu. Ni kubwa sana, mtu anaweza kulala kwenye kiganja chake. Kuna nguzo moja ndani ya hekalu ina tundu chini, na watoto wanapita ndani yake wakicheka, maana wanasema anayepita ana baraka. Mzee alitazama watoto wawili watatu wakipita. Sikumwona akipepesa macho.

Siku zilizobaki zilienda hivyohivyo. Tulipanda treni ya kasi mpaka Tokyo na mlima wao mkubwa ukapita dirishani, mweupe kileleni. Bwana Morita akatuonyesha. Tukasema ahsante. Tulipanda mnara, tukaona mji usio na mwisho, tukasema ahsante. Walituchomea nyama mezani, nyama ambayo mafuta yake yameingia ndani kwa ndani kama michirizi ya mvua kwenye kioo. Siku nyingine yoyote Mzee Magese mwenye ng'ombe zake angeuliza huyu mnyama alilishwa nini, alichungwa na nani, ana pembe za namna gani. Alikula. Walileta samaki mbichi. Alimla huyo pia, vipande vyote, bila neno. Ukiona mtu wa Migato anakula samaki mbichi kimya kimya, ujue hayupo pale.

Matobolwa hakuyagusa tena. Yalikuwa yamebaki kiasi cha konzi mbili. Aliufunga mfuko kwa kamba, akautia katikati ya kile kitambaa cheupe, akafunga sanduku.

Na jina hakulitaja tena. Tulinunua redio ya Jilala, saa ya binti yake Jenipha, peremende za wajukuu. Mimi nilichagua, yeye alilipa. Nilikuwa kama mtu anayeosha vyombo, mkono unakwenda wenyewe.

Jumapili alasiri tulitua Mwanza. Anatoli alikuja kutupokea na gari la ofisi, anacheka kwa sauti kubwa mno, anauliza Japani wanakula nyoka kweli? Mficha maradhi, kilio humuumbua, na Anatoli jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Mzee Magese alimjibu kila kitu kwa upole. Nyoka hakuwaona. Treni ni ya kasi. Watu wana adabu. Tukapita Lamadi, tukapita Bariadi bila kusimama, wala hakuuliza kwa nini hatusimami. Tulipokaribia Migato alifungua kioo cha gari akaanza kutazama mashamba. Pamba ilikuwa imeshang'olewa, mabua yamechomwa.

Nyumbani palikuwa na watu wengi waliokaa kama hawakukaa kwa sababu yoyote. Wanawake walikuwa upande wao, khanga viunoni, wametazama chini. Jilala alitoka kutupokea. Ni mtu mrefu, mkavu, kaka mkubwa. Wakasalimiana salamu zote, "mwadila", "mwadila", za ng'ombe, za mvua, za safari, hakuna iliyorukwa. Akamketisha kwenye kiti. Akaletewa maji kwenye kikombe. Jilala akangoja ayamalize.

"Magese," akasema, "mwenzio hatunaye. Ng'wana Masunga alianguka Jumatano ya wiki iliyopita akitoka kisimani. Hakuumwa. Alhamisi tukamhifadhi."

Mzee Magese akaweka kikombe chini, taratibu, akakipangusa ukingo kwa kidole.

"Mlimfunika nini?" akauliza.

Mtu aliyeambiwa sasa hivi haulizi swali hilo. Anauliza nini, anauliza vipi, anakataa, anaanguka. Sanda huulizwa na mtu aliyekwisha kufikiri siku nyingi. Jilala alinitazama mimi, na Anatoli akanitazama mimi, na wanawake mmoja mmoja wakainua macho.

"Mlimfunika nini, kaka?"

"Duka la ushirika limefungwa," Jilala akasema. "Tulituma mtu mpaka Bariadi. Marikani nyeupe haikuwepo, duka hadi duka. Hawa wafanyabiashara wapya wanaleta nailoni tu. Tulipata ya mapazia. Ilikuwa nyeupe, inang'aa kidogo."

"Nailoni."

"Ndicho kilichokuwepo."

"Miaka thelathini," Mzee Magese akasema, "miaka thelathini nakaa mlangoni nawachagulia watu pamba safi. Mke wangu mmemfunika nailoni."

Hapo akaanguka. Alianguka kutoka kwenye kiti, na kabla hajafika chini Jilala alikuwa ameshamdaka, na wengine wawili nyuma yake, na Jenipha akaja mbio, na wanawake wakapasua kilio mji mzima. Kilikuwa kilio cha kwanza nilichokisikia tangu Jumamosi ile. Nilisimama nimeshika kiuno, macho makavu.

Baadaye Jilala alinifuata kwenye gari. "Tulikuomba jambo moja," akasema. "Ulimwambia."

Kutoka ndani Mzee akaita, "Kaka, muache. Huyo hakuniambia kitu."

Na ni kweli. Sikumwambia kitu. Wanawake wakaja kunishika mkono, wabeja mayu, umemtunza, hakujua neno. Nikapokea shukrani zao zote. Kiapo changu kilikuwa kwenye kiatu, kimekunjwa, kimelowa jasho, hakisomeki tena.

Chama hakikufika mbali. Miaka miwili baadaye kiwanda kilifungwa, mimi nikapata kazi ya ukarani Shinyanga, Mzee akarudi Migato kwa ng'ombe wake. Tulionana mara chache, misibani na harusini. Kitambaa hakukitoa siku ile, wala baadaye. Hatukukizungumzia kamwe, wala Japani yenyewe. Watu wakimuuliza kuna nini kule, alisema kuna paa wenye adabu.

Mwaka 2003, Jumanne moja, nilikuwa kwenye kikao cha bajeti pale ofisini. Wakubwa walikuwepo kutoka mkoani. Mlinzi akagonga mlango, akaambiwa asubiri, akagonga tena. Akasema kuna simu ya Violeth mapokezi na mpigaji amekataa kuacha ujumbe. Bosi akakunja uso. Nikaenda.

Alikuwa Jenipha, yuko Bariadi kwenye simu ya kibandani.

"Dada Violeth, baba amefariki. Leo saa moja asubuhi. Bado hata wajomba hatujawaambia."

Nikasema, "Jenipha?"

"Alituachia agizo tangu alipoanza kuumwa. Alisema wewe uambiwe kwanza, siku ileile, hata kama uko kwenye mtihani." Akaongeza, "Hatukuelewa mtihani gani. Lakini nimesema kama alivyosema."

Nikamuuliza kama kitambaa cheupe cha Osaka kipo. Akasema kipo, wamekitoa sandukuni sasa hivi kiwe sanda yake, ni kizuri, hakijabadilika rangi, na katikati yake kulikuwa na mfuko wa viazi vikavu vilivyoliwa na wadudu. Hawajui ni vya nini.

"Vifungieni humohumo," nikasema.

Nikaweka simu chini. Ndipo ikaja, yote kwa pamoja, ya Mzee Magese na ya Ng'wana Masunga na ya baba yangu wa Lamadi, nikapiga ukelele pale mapokezi nikaenda chini. Mlango wa kikao ukafunguliwa, na wenzangu wakaja mbio wakanishika.